Tupeane uzoefu: ukiandika unakula nini, na kipi hukigusi?

Habari za jioni wapendwa. Sisi wa hadithi na mashairi tunaulizana kila siku habari za vina na mizani, ila tumbo hatulitaji, na ndilo linaloamua kama ukurasa utajaa. Mimi naandika kwa mkono kwanza, kwenye kaunta buku, saa kumi na moja alfajiri watoto wakiwa bado wamelala. Pembeni chai ya rangi yenye tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Nikila ugali kabla ya kuandika, nasinzia. Nisichokigusa ni mlenda, ule utelezi unanishinda. Haya, semeni na nyie.

Wa Dodoma: Dada, mlenda umekukosea nini jamani? Sisi tumekuzwa nao. Utiwe karanga, uletwe na ugali wa uwele, utaomba tena. Mimi naandika kwenye simu, usiku, taa nimezima. Sili kitu, maji tu. Bamia naipenda pia, usianze!

Wa Mombasa: Mimi mahamri na mbaazi za nazi. Nala kwanza, nanawa, ndipo nashika simu, maana vidole vya mafuta na kioo havipatani. Nisichokila ni papa mkavu. Utotoni mamangu akimroweka kwenye karai uani, harufu ikinifuata hadi chumbani, nami najifunika shuka kichwani. Lakini mwaka jana nilikwama na hadithi ya nyumba yetu ya zamani, wiki tatu sina hata sentensi. Siku hiyo napita sokoni, harufu ile ikanipata. Nikasimama pale pale, nikaandika mama akigeuza vipande kwa mkono mmoja, mwingine umeshika leso isimvuke. Ukurasa wa kwanza ukawa huo. Kumla bado simli.

Wa Bukoba: Mimi msimu wa senene siandiki kabisa, mikono ina kazi ya kuwanyonyoa mabawa. Miezi mingine kahawa, bila sukari.

Mwanzisha mada: Wa Mombasa, hiyo leso nimeiona kabisa. Ukiimaliza hadithi tuletee tuisome yote. Na wewe wa Dodoma, nitakuja huko mwezi ujao.

Wa Dodoma: Karibu sana dada. Mlenda nitaupika mwenyewe, wenye karanga. Onja vijiko viwili tu, ukikushinda kuna kuku. Na kaunta buku usiiache.