Kipimo cha jeni ya mbio kwa mtoto, kuna ukweli?

BabaNasra_Mbagala: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Binti yangu yuko darasa la sita, anakimbia mita 100 na 200, UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) kafika ngazi ya wilaya. Sasa kuna jamaa huku mtaani anafanyia kazi kampuni ya vipimo vya DNA, anasema wanachukua mate tu wanapeleka nje, majibu yanaonyesha kama mtoto ana jeni ya misuli ya kasi, na kama hana basi nisipoteze hela kwenye viatu. Bei yao imesimama kweli. Hii kitu ipo?

DadaMaabara: Mkuu jeni zipo ila unauziwa kitu ambacho mwanao tayari anacho. Protini inayovuta msuli ni mayosini, vichwa vyake vinadaka uzi wa aktini vinauvuta vinaachia vinadaka tena, na kwenye misuli ya kasi hiyo kazi inaenda chapchap kwa sababu mayosini yake inachoma ATP, yaani nishati ya seli, haraka zaidi. Misuli ya kasi ina nyuzi za aina mbili, 2A na 2X: mayosini ya 2A inatoka jeni ya MYH2, ya 2X inatoka MYH1, zote zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 17. Mtu akikosa kabisa protini ya MYH2 huo ni ugonjwa, misuli inalegea na macho hayazunguki vizuri, sio suala la kushika mkia kwenye mita 100.

Wanachopima mara nyingi ni jeni nyingine, ACTN3, ambayo protini yake hata haivuti, inafunga nyuzi za aktini zikae pamoja. Mwaka 2003 watafiti Australia walikuta wakimbiaji wakubwa wa mbio fupi ni nadra kuikosa, ndio biashara ikaanzia hapo. Lakini kwa Wabantu kuikosa ni nadra sana kwa mtu yeyote, ukipima darasa zima la Mbagala karibu wote watakutwa nayo, sasa hapo kipimo kimekuchagulia nani?

Kocha_Temeke: Dada kamaliza. Niongeze tu kwamba misuli inabadilika, ukifanya mazoezi mfululizo nyuzi nyingi za 2X zinageuka 2A, ukipumzika 2X inarudi, ndio maana kabla ya mashindano napunguza mazoezi. Na kasi inahitajika hata mbio ndefu, mkimbiaji wetu Simbu pale Tokyo 2025 kachukua ubingwa wa dunia wa maratoni kwa sekunde 0.03 tu. Hela hiyo mnunulie spaiki na mayai. Anapumzika siku ngapi kwa wiki?

BabaNasra_Mbagala: Asanteni sana. Anakimbia kila siku kocha, Jumapili tu ndio hapana, na asubuhi namkimbiza mwenyewe mpaka Rangi Tatu na kurudi.

Kocha_Temeke: Hiyo ya asubuhi iache kabisa mzee wangu, mtoto wa mita 100 hafai kuchoshwa hivyo. Mpe siku mbili tatu za mbio kali, mita 30 au 40 akiwa hajachoka, kati ya mbio na mbio apumzike mpaka pumzi itulie, siku zingine acheze rede na wenzake.