Kripto: nitajuaje bei inayostahili?

MwanaLikoni: Assalam alaykum wadau. Nimeuza tuktuk yangu, nikalipa madeni, nimebaki na elfu 80. Binamu yangu amenikalia kooni ninunue Shiba Inu, sarafu ya kidijitali. Ati moja haifiki hata senti, utapata mamilioni, na ikigusa senti moja tu ya dola tunahamia Nyali kwa matajiri. Tuktuk najua kuikagua: injini, tairi, logbook. Hii naikagua vipi?

BabuKibokoni: Waalaykum salaam. Yakhe, binamu yako anaangalia bei ya punje, gunia halioni. Shiba zilizo sokoni ni takriban trilioni 589. Zidisha kwa senti moja ya dola: dola trilioni 5.89! Bitcoin yenyewe, sarafu kongwe iliyoanza Januari 2009, ukijumlisha zote hazijawahi kufika nusu ya hapo. Hizo pesa zitatoka mfuko wa nani? Na kwa sarafu yoyote, uliza walizojiwekea waanzilishi zitafunguliwa lini waweze kuziuza. Zikimwagwa, bei huwa kama ya maembe Kongowea msimu ukikolea.

DadaTudor: Mimi huuliza inaingiza nini. Tuktuk ulijua kwa siku inaleta ngapi. Kwenye Ethereum, mtandao wenye sarafu yake, watu hulipa ada kwa kila muamala, na tangu Agosti 2021 sehemu ya ada huchomwa, yaani sarafu hizo hufutwa kabisa. Hapo kuna cha kupigia hesabu.

FundiChangamwe: Bitcoin ni rahisi. Tazama gharama ya kuichimba, yaani umeme na kompyuta za kutoa sarafu mpya; bei haishuki chini ya hapo.

DadaTudor: La, kaka. Bei ikianguka, wenye mashine kuukuu huzima. Kila bloku 2,016 (bloku ni fungu la miamala), kama wiki mbili hivi, mtandao hurekebisha ugumu wa kuchimba, na gharama ya waliobaki hushuka. Gharama ndiyo inayoifuata bei. Novemba 2021 bei ya Bitcoin ilifika karibu dola 69,000, mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 16,000.

FundiChangamwe: Nilinunua kwa 60,000. Msinicheke.

MwanaLikoni: 😂 Pole. Binamu nimempelekea hiyo trilioni 5.89, kanijibu sina imani. Sasa nikipiga hesabu zote hizo, napata bei moja?

BabuKibokoni: Hupati. Mimi kwa Ethereum nikigeuza makisio ya ada kidogo tu, jibu linaruka maradufu. Ila upuuzi wa Nyali unaanguka kwa kuzidisha mara moja. Kwani elfu 80 haikupi tuktuk nyingine?

MwanaLikoni: Kuna moja Bamburi, mwenyewe anataka 95. Kesho naenda kuisikiliza injini.