Tupeane uzoefu: safari ndefu za ndege, Nairobi hadi New York na kwingineko

Kijana wa Buruburu
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 68, na Januari anakwenda kwa dada yangu New Jersey, karibu na New York, kumlea baada ya kujifungua. Hajawahi kupanda ndege. Jana kaiangalia tiketi: kuondoka Nairobi karibu saa sita usiku, kutua New York saa kumi na mbili asubuhi. Akafurahi, "Kumbe ni usiku mmoja tu, kama basi la Mombasa!"

Ikabidi nikae naye. Saa za kwenye tiketi ni za kila mji. Wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo safari ni kama saa 15 angani, kilomita zipatazo 11,850 bila kutua. Kurudi hupungua saa moja hivi, maana upepo wa juu hutoka magharibi na kuisukuma ndege mgongoni. Mimi niliisafiri 2019, nikakaa dirishani, nikaona haya kuwaamsha majirani kila mara. Kufika, miguu imevimba, viatu haviingii. Nilipanga foleni ya uhamiaji na soksi. Mama nimemtafutia kiti cha kando ya njia.

Nanyi mliosafiri mbali, tuelezeni yaliyowakuta.

Mpwani
Mimi jua lilinigomea kuzama. Ramadhani ya 2017, nafanya kazi Dubai, nikapata safari ya New York, saa 14 hivi. Nimekula daku kabla ya saa kumi alfajiri, ndege ikaondoka asubuhi. Tunakwenda magharibi, jua nalo linakwenda nasi. Kila nikifungua dirisha, mchana! Nikapiga hesabu: Magharibi ya New York ni saa mbili na nusu usiku, na wao wako nyuma kwa saa 8. Yaani saa 24 na ushei bila tone la maji. Nikaishika ruhusa ya msafiri, nikafungua kwa tende tatu nilizokuwa nazo mfukoni, siku ile nikailipa baada ya Idi. Aliye safarini asijitese, ndugu zangu.

Dada wa Moshi
Yangu ilikuwa Addis Ababa kwenda Washington, mwaka huohuo. Ndege ikatua usiku, nikafunga mkoba, nikajipaka mafuta, nikamwambia jirani "tumefika salama." Kumbe ni Dublin, Ireland, tunajaza mafuta! Uwanja wa Addis uko juu, zaidi ya mita 2,300, hewa ni nyepesi, ndege haiwezi kuruka na mafuta ya kutosha mpaka Marekani. Kurudi tulikuja moja kwa moja. Mwambie mama asishuke mpaka asikie jina la mji.

Mzigo Mwepesi
Msinunue tiketi mbili tofauti kwa kufuata bei. Ya kwanza ilichelewa saa mbili, ya pili ikaniacha, na hakuna shirika lililonikubali kuwa abiria wake. Nililala kwenye viti vya chuma, nikanunua nyingine.
Kijana, mwombee mama kiti cha magurudumu mapema, hata kama anatembea vizuri. Anayemsukuma ndiye atakayemwonyesha njia.

Kijana wa Buruburu
Asanteni sana. Nimeshapiga simu, kiti kimeandikwa. Dawa zake za presha zitakaa kwenye mkoba wa mkononi, na kesho tunamwona daktari atupangie saa za kumeza. Ile ya Dublin nimemsimulia, amecheka mpaka machozi, kisha akaniuliza taratibu: "Na hiyo yangu haitui popote?" Haitui, mama.