Donegal, Kerry au Clare? Mama anakuja Ayalandi, nimpeleke wapi

Binti_Pwani
Wadau habari za humu. Naombeni ushauri, mama yangu anakuja kunitembelea Dublin mwezi wa sita, ndio mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania na sitaki amalize likizo kwenye fleti anaangalia maduka tu. Nataka nimpeleke shamba hasa, aone wenyeji wanavyoishi, milima, bahari, muziki wao, lugha yao. Nimebaki na kaunti tatu kichwani, Donegal, Kerry na Clare, na hela yangu inatosha kwenda moja tu. Sina gari. Mama ana goti linamsumbua kwa hiyo kupanda mlima hapana, ni mtu wa swala tano, halafu ni mtu wa watu, yaani asipopata wa kupiga naye stori safari haijanoga. Mliofika huko naombeni mnilinganishie.

Mdau_Killarney
Mpe mama shikamoo zangu akifika. Mimi nasema Kerry, na sababu kubwa ni usafiri. Treni unapandia stesheni ya Heuston hapo Dublin, mara nyingi unabadilisha treni Mallow, unashuka Killarney mjini kabisa na hifadhi ya taifa iko hapo hapo, ndio ya kwanza nchi hii, ya mwaka 1932. Goti halina shida maana kuna vigari vya kukokotwa na farasi vinapeleka watu mpaka maziwani na kwenye jumba la kale la Muckross, na wale waendeshaji wengi kazi wameirithi kwa baba zao, wanaongea mwanzo mwisho, mama atafurahi. Ule mzunguko maarufu wa Ring of Kerry, kilomita 179, kwa basi la watalii siushauri, siku nzima mnashuka mnapiga picha mnapanda. Bora mkalale Dingle, mji mdogo wa wavuvi, ukitoka nje kidogo kuelekea Dunquin uko kwenye vijiji vinavyoongea Kiayalandi. Kisiwa cha Skellig Michael usimpeleke, ngazi za mawe zaidi ya 600 na hazina cha kushikilia. Ingekuwa Agosti ningesema mje Killorglin tarehe 10 mpaka 12, pale wanamtoa mbuzi dume mlimani wanamvisha taji anakuwa mfalme wa sherehe, kitu cha asili kabisa.

Kamau_Ennis
Niaje. Clare msiiruke hivyo. Mimi naishi Ennis na wageni wangu wote nawapeleka Burren kwanza kabla ya zile Cliffs of Moher, magenge ya bahari. Burren ni mawe matupu ya chokaa, ukiangalia kwa mbali unadhani hakuna kinachoota, lakini inama uangalie nyufa za mawe mwezi wa tano au wa sita mwanzoni, utaona maua ya milima ya baridi kali yamesimama karibu na maua ya nchi za joto za Mediterania. Wataalamu wa mimea wanatoka mbali kuja kuyaona. Pia kuna kaburi la mawe la Poulnabrone, lina zaidi ya miaka 5,000, na ni kutembea kidogo tu toka barabarani. Cliffs zenyewe ni mita 214 na zinapendeza kweli, shida ni watu, zinapokea zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na kuingia unalipa. Kuna basi la 350 linatoka Galway linapita Doolin na Cliffs mpaka Ennis kwa hiyo bila gari mnaenda sawa. Na muziki, hapa ndio nyumbani kwake, kile kikodiani kidogo cha pembe sita wanakipiga mpaka watoto.

Nesi_Letterkenny
Nimesoma yote na sibishani na wenzangu, ila swali lako ni kuona watu wanavyoishi na mama apate wa kuongea nae. Kwa hilo Donegal haina mpinzani, na nasema hivi nikiwa nimeishi huku na kuwahudumia wazee wa huku hospitalini kila siku.

Watalii Kerry na Clare ni wengi kiasi kwamba mwenyeji anakuona kama mteja. Huku barabara za ndani kila dereva mnayepishana ananyanyua kidole kimoja toka kwenye usukani kukusalimia, hakujui wala hana shida na wewe. Wazee watamuuliza mama katoka wapi, ana watoto wangapi, mvua kwenu inanyesha lini, na hayo maswali siyo ya kupitisha muda, wanasubiri jibu.

Mpeleke Glencolmcille. Kuna kijiji cha makumbusho kilichoanzishwa 1967 na padri James McDyer, ambaye alianzisha ushirika wa kilimo na ufumaji ili vijana waache kuhama. Ni nyumba ndogo za kuezeka nyasi, kila moja imepangwa ndani kama ilivyokuwa karne fulani, kuanzia ya 18 mpaka ya 20. Unakuta jiko la moto sebuleni, sufuria nyeusi inaning'inia kwenye mnyororo juu ya moto, kitanda kiko pembeni ukutani karibu na joto. Mama wa pwani aliyekulia nyumba ya makuti ataelewa kila kitu bila mkalimani. Moto wanawasha kwa udongo mweusi wa kinamasi waliokata na kukausha juani na ile harufu yake inabaki kwenye nguo.

Magenge ya Slieve League ni kama mita 600, karibu mara tatu ya Moher, na msimu wa watalii kuna basi dogo linawapandisha kutoka kituo cha wageni mpaka pale Bunglass pa kuangalizia, goti litapona salama. Njiani mnapita Killybegs, bandari kubwa ya uvuvi kuliko zote nchini, kwa hiyo suala la chakula halali vijijini limekwisha, mle samaki. Ardara na Kilcar bado wanafuma vitambaa vya sufu kwa mkono, unaingia unamkuta mfumaji kwenye mtambo wake.

Muziki wa huku ni wa fidla, mkali na wa haraka, una damu ya Scotland maana watu wa Donegal walikuwa wanakwenda huko kila msimu kuvuna viazi. Wanapiga kwenye pabu lakini mkiagiza chai hakuna anayewashangaa. Ukitaka kumwonyesha na machungu, Glenveagh kuna kasri zuri kando ya ziwa, mwenye ardhi aliyelijenga, John George Adair, mwaka 1861 aliwafukuza watu 244 kwenye nyumba zao. Mimi kila nikipita pale siwezi kuona uzuri wa kasri peke yake.

BabaZuhra
Nesi kaeleza vizuri ila kuna jambo muhimu sana, mama ana viza ya Ayalandi pekee au na ya Uingereza? Maana mabasi ya moja kwa moja Dublin kwenda Donegal yanakatiza Ayalandi ya Kaskazini, la Letterkenny linapita Omagh na la Donegal mjini linapita Enniskillen, na huko ni Uingereza. Hakuna geti wala askari barabarani wengi wanapita tu, lakini kisheria viza ya Ayalandi haimruhusu, na ukaguzi wa kushtukiza upo. Usimweke mama kwenye hatari hiyo.

Binti_Pwani
Mungu wangu, ana ya Ayalandi tu na ni ya kuingia mara moja. Basi Donegal ndio imekufa?

Nesi_Letterkenny
Haijafa. Baba Zuhra asante, hilo nilipaswa kulitanguliza. Pandeni treni stesheni ya Connolly hapo Dublin mpaka Sligo, ni mwendo wa kama masaa matatu na kidogo, stendi ya basi iko jirani na stesheni, mnachukua namba 64 mpaka Donegal mjini, kote huko mko ndani ya Jamhuri. Au ndege ndogo ya Dublin kwenda Carrickfinn, uwanja wa ndege wa Donegal, inatua kando ya ufukwe mweupe kabisa.

Mdau_Killarney
Kwa mtu wa stori nakubali Donegal, Kerry mtakuja na gari siku nyingine. Ila akiulizwa habari za mpira wa Kigaeli asitaje fainali ya 2025, sisi Kerry tuliwafunga Donegal na bado inawauma.

Binti_Pwani
Nimeamua Donegal kwa kupitia Sligo. Nashukuruni sana jamani. Nesi, nguo na swala je?

Nesi_Letterkenny
Koti la mvua na sweta hata kama Juni, upepo wa Slieve League hauna msimu. Jua linazama baada ya saa nne usiku kwa hiyo Isha inachelewa mno na Alfajiri inawahi, msipange safari za asubuhi sana mama akakosa usingizi. Laleni Glencolmcille au Carrick angalau siku mbili badala ya kwenda na kurudi, basi la kule halipiti mara nyingi kwa siku, na Jumapili ratiba ni tofauti, kwa hiyo siku ya kuingia iwe katikati ya wiki.