Urefu wa kaviti ya leza: kwa nini kila jozi ya vilele inanipa jibu tofauti?

Muulizaji, Kampala

Habari zenu, ndugu zangu. Nina kaviti ya mwanga, yaani nafasi ambamo mwanga hudunda kwenda na kurudi, yenye vioo viwili vilivyopinda, kila kimoja kikiwa na nusukipenyo cha sentimita 50 na kikirudisha asilimia 99 ya mwanga. Kwa rula, kutoka kishikizio hadi kishikizio, napata kama sentimita 25, lakini rula haiwezi kugusa nyuso zenyewe za vioo. Kwa hiyo ninasogeza masafa ya leza ya nanomita 780 kwa piezo (kipande kinachotanuka kidogo kikipewa volti) na kurekodi kwenye oskiloskopu mwanga unaopenya, ambao hupanda na kuwa kilele kwenye masafa fulani tu. Nafasi kati ya vilele vikuu viwili inapaswa kuwa kasi ya mwanga ikigawanywa kwa urefu mara mbili, yaani karibu megahezi 600. Nikigeuza volti kuwa megahezi kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya leza, vilele vyangu vitano vinanipa nafasi za 622, 607, 590 na 575. Jozi ya kwanza inasema sentimita 24.1, ya mwisho 26.1. Je, nichukue wastani? Kuna pia vilele vidogo vinavyotokea karibu theluthi moja ya njia, navyo sijui nivifanyeje.

Jibu la kwanza, Mbarara

Ndugu Muulizaji, tazama jinsi nafasi zako zinavyopungua kwa mpangilio. Kelele haipungui hivyo. Piezo husogea zaidi kwa kila volti kadiri volti zinavyopanda, nayo haipiti njia ileile inaporudi, kwa hiyo tumia upande wa kupanda peke yake. Vipe vilele namba 0 hadi 4, kisha tafuta mlinganyo wa daraja la pili unaounganisha volti na namba hizo, na uchore mabaki, yaani tofauti kati ya vipimo na mlinganyo. Mabaki yakiwa na umbo la upinde, ongeza daraja moja. Yakitawanyika ovyo, mhimili wako wa masafa umenyooka.

Kunyoosha mhimili, hata hivyo, hakukuambii kila hatua ina megahezi ngapi, na wengi hujikwaa hapo. Wastani wako wa 598.5 unavutia kwa sababu tu unakaribia ulichotarajia, lakini bado umesimama juu ya ile namba ya karatasi, ambayo hakuna aliyeipima kwenye leza yako. Unahitaji rula ya masafa kutoka nje ya kaviti. Mvuke wa rubidiamu ungekufaa, kwa kuwa ngazi mbili za chini za nishati za rubidiamu 85 zimeachana kwa megahezi 3,036, ila skani yako ya megahezi 2,400 haifiki huko. Njia rahisi ni kutikisa mkondo wa leza kwa jenereta ya mawimbi yenye megahezi 40. Kila kilele kitapata vilele viwili vya pembeni vilivyoachana kwa megahezi 80 kamili, nawe utajua thamani ya volti palepale, mahali patano tofauti.

Jibu la pili, Gulu

Nakubaliana na mwenzangu wa Mbarara, nami niongeze kuhusu vile vilele vidogo: usivifute. Hizo ni modi za pembeni za kaviti, yaani maumbo mengine ya mwanga ndani yake, wala si vile vilele vya pembeni vya jenereta. Kwa vioo vya sentimita 50 na urefu wa sentimita 25 kamili, modi ya kwanza ya pembeni hukaa theluthi moja ya njia hadi kilele kikuu kinachofuata, kwa hiyo unachokiona kinathibitisha kwamba uko karibu na urefu huo. Ubaya wake ni kwamba modi ya tatu huangukia karibu kabisa na kilele kikuu kinachofuata na kukifanya kiegemee upande mmoja, na hapo kitovu unachokipata kwa hesabu huvutwa. Rekebisha vioo kwanza, ndipo upime.

Kuhusu hewa, ambayo hupunguza kidogo kasi ya mwanga, vitabu vingi hutoa namba ya usawa wa bahari. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi zaidi, na masahihisho kwa sentimita 25 ni kama milimita 0.06. Usijisumbue nayo kabla hujamaliza tatizo la mhimili.

Muulizaji, Kampala

Nawashukuru sana. Umeme ulikatika katikati ya kazi, nikalazimika kusubiri karibu nusu saa ili piezo itulie kabla ya kuanza upya. Kwa vilele vya pembeni vya megahezi 40 nimepata nafasi ya megahezi 593.4, kosa likiwa 1.2 juu au chini, yaani urefu wa sentimita 25.26 na kosa la milimita 0.5. Wastani wangu wa awali ungenipa 25.05. Kulikuwa pia na bega dogo upande wa kulia wa kila kilele, megahezi chache tu kutoka katikati, ambalo nilidhani ni kelele; limetoweka nilipogeuza skrubu ya kioo cha pili kwa robo ya mzunguko.