Naombeni ushauri: simbilisi watatu waliookolewa, kila mmoja na tabia yake, niwachukue wote au wawili?

MamaWaMakete
Wakuu habari za jioni. Niko Leeds huku Uingereza na familia, wanangu wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume 6. Wameomba mnyama muda mrefu sana, mbwa hatuwezi maana mwenye nyumba hataki na sisi wenyewe kutwa tupo kazini, kwa hiyo tukaangukia kwenye simbilisi, hawa wanaoitwa guinea pig huku. Mi kwetu Makete nimekua nao, bibi alikuwa anawafuga jikoni pembeni ya mafiga, wanakula maganda na majani, akija mgeni anachinjwa mmoja. Sasa hapa ni kuwafuga mpaka wafe kwa uzee wao na nataka nifanye vizuri.

Dukani hatukutaka, tukaenda kituo kinachopokea wanyama waliookolewa. Kuna kundi limetoka nyumba moja, mwenye nao alianza na wawili akidhani wote majike, wakazaana hadi wakamshinda, wengine walikuwa wanaishi kwenye maboksi. Tulioneshwa watatu.

Wa kahawia ni jike, mchangamfu balaa, akisikia mfuko wa mboga unakwaruza anapiga mluzi chumba kizima kinasikia, anakula mkononi mwa mtu asiyemjua. Wanangu walishamchagua huyu kabla hata hatujaelezwa chochote.

Mweupe naye jike, ana kovu sikioni, ukisogea tu anaganda, macho yamemtoka, hata kama alikuwa anatafuna anaacha katikati. Mfanyakazi wa pale akatuambia wakimtoa yule wa kahawia hata kwa kumpima uzito, huyu mweupe hali kitu mpaka mwenzie arudi.

Wa tatu dume, ana manyoya ya mafundo mafundo, ameshahasiwa. Akishikwa anagonganisha meno na alishamng'ata mtu kidole. Ila nilimwangalia muda mrefu, akiwa hashikwi ametulia kabisa, na majike wakipita karibu anawapisha kwenye chakula. Kituo wangependa waende wote watatu kwa sababu wameshaanza kuzoeana.

Mume wangu anasema tuchukue wa kahawia na mwingine mpole wa kundi jingine, hao wengine tuwaachie wenye uzoefu. Mi roho inagoma. Je huyu mweupe atakuja kuchangamka au ndo alivyo maisha yake yote? Na huyu dume ni salama na mtoto wa miaka 6? Nishaurini kwa ukweli.

BintiKisauni
Dadangu pole na hongera. Mie niko Birmingham, nimechukua simbilisi wa kituo mara kadhaa sasa, kwa hivyo ntakwambia nilivyoona.

Usimtenganishe wa kahawia na mweupe, hapo wala usifikirie mara mbili. Simbilisi ni mnyama wa kundi, peke yake ananyong'onyea, kule Uswisi sheria yao ya wanyama ya 2008 hairuhusu kabisa kumfuga mmoja pekee. Na hao wawili washachaguana wenyewe. Ukimletea wa kahawia mwenzie mpya huna hakika watapatana, na mweupe atabaki kituoni hali.

Kuhusu mweupe kuganda, hiyo si kiburi wala ugonjwa, ni woga. Kwa asili hawa huliwa na ndege na wanyama wakali, mkono ukitokea juu kwake ni mwewe. Sasa wewe shuka chini, kaa sakafuni ubavuni kwa banda, mkono uingie kwa usawa wake, weka jani la giligilani uache, usimuangalie sana machoni. Siku ya kwanza hatokula mbele yako. Baadae atavuta jani akimbie nalo. Ukimuona siku moja anaruka juu ghafla na kujipindapinda hewani, jua kafurahi, hio ndio furaha yao ya wazi kabisa.

Lakini nikwambie ukweli uloomba, si wote wanaishia kuwa wa kupakatwa. Mie ninae mmoja mpaka leo hataki kubebwa, anakuja mwenyewe kwenye goti langu, ananusa, anakaa kidogo, anaondoka. Mwenzie ukimuweka kifuani analala. Wamelelewa nyumba moja, chakula kimoja. Tabia ni zao, nami nshaacha kutaka kuzigeuza. Waambie wanao mapema, huyu ni wa kubebwa na huyu ni wa kuangaliwa, wote ni wenu.

MfugajiUyole
Dada mi niko Mbeya nafuga kwa biashara, nauza mbegu na nyama, kwa hiyo nakubali hapo juu asilimia zote kwamba kila mmoja na tabia yake. Nina jike moja ni kiongozi wa banda, asipokula yeye kwanza hakuna anayesogea. Na dume nilimtoa kwa mwenzangu alikuwa anang'ata sana, nikagundua banda alilotoka mikono inaingia kwa ajili ya kukamata wa kuchinja tu. Angependaje mkono? Kwangu nikawa naingiza mkono na majani tu bila kumkamata, sasa hivi anatembea juu ya kiganja changu.

Kugonganisha meno ni onyo, anakwambia niache. Ukimwacha hapohapo hang'ati. Wanaong'atwa wengi ni wale wanaosikia hilo onyo wakaendelea kulazimisha.

Kitu muhimu zaidi, uliza amehasiwa lini. Dume aliyehasiwa anaweza bado kutia mimba wiki kadhaa mbele, subiri zipite wiki 6 ndo akae na majike. Na uliza hao majike wamekaguliwa mimba, maana wametoka kwenye kundi mchanganyiko na mimba ya simbilisi ni siku kama 59 hadi 72, inaweza isionekane mwanzoni. Jike akizaa leo anaweza kupandwa leoleo, ndo maana yule mwenye nao alishindwa.

Mtumishi_Mwema
Samahani dada sisemi kwa ubaya, ila napata shida kuelewa. Kijijini kwetu huyu ni kitoweo. Kuna ndugu zetu hawana nauli ya kwenda hospitali, halafu tunajadili simbilisi mwoga. Hiyo pesa ya banda na daktari si ungetuma nyumbani?

MamaWaMakete
@Mtumishi_Mwema nimekuelewa na sijakasirika. Nyumbani natuma, hilo halijasimama na halitasimama. Ila bibi yangu huyohuyo aliyekuwa anachinja simbilisi alikuwa haruhusu mtoto amvute miguu au amlaze njaa, alikuwa anatuchapa kwa hilo. Kumla mnyama na kumtesa ni vitu viwili tofauti kwetu. Hawa wameshateswa, na wanangu nataka wajifunze kumjali kiumbe asiyeweza kusema.

MamaFuraha_Bxl
Mimi ni wa Bukavu, sasa nakaa Brussels. Kwetu Kivu ya Kusini simbilisi ni mfugo wa watoto na wa akina mama, wakati wa vita ng'ombe na mbuzi waliporwa lakini simbilisi mtu aliweza kukimbia naye kwenye kikapu, na akiuzwa mtoto anapata daftari. Kwa hiyo @Mtumishi_Mwema, mimi niliyesomeshwa na simbilisi nikimuona ametupwa kwenye boksi hapa Ulaya siwezi kupita tu. Mama wa Makete chukua wote watatu kama nafasi unayo.

DaktariMifugo_Moro
Nachangia upande wa afya, nimesoma chuo kikuu cha kilimo cha SUA na nafanya kazi Morogoro. Tabia na afya kwa huyu mnyama huwezi kuzitenganisha. Anayeng'ata akiguswa mgongoni mara nyingi ana utitiri kwenye ngozi, unauma na kuwasha vibaya sana, wengine hadi wanapata degedege kwa kujikuna. Kabla hujasema huyu dume ni mkali mwombe daktari wa kituo akague ngozi, meno na nyayo. Waliokaa kwenye maboksi machafu nyayo huwa zimevimba na kuoza kwa chini, na mwenye nyayo mbovu hataki kushikwa, ni haki yake.

Vitamini C mwili wao hauwezi kuitengeneza, sawa na sisi binadamu. Wanahitaji kama miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kila siku, wakikosa wanapata kiseyeye, viungo vinauma, wanakuwa wazito na wakali, na watu wanadhani ndiyo tabia. Pilipili hoho kila siku kipande inasaidia sana. Zile dawa za kuweka kwenye maji usizitegemee, vitamini inaharibika haraka na maji yanabadilika ladha wanaacha kunywa.

Chakula kikuu ni nyasi kavu, zisiishe usiku na mchana, kwa sababu meno yanaota maisha yote na yanapunguzwa kwa kutafuna. Parachichi, vitunguu na majani ya viazi mviringo usiwape kabisa.

Nunua mizani ya jikoni, wapime kila wiki na uandike. Simbilisi anaficha ugonjwa, uzito ndo unamtoboa siri. Asipokula nusu siku ni dharura, usisubiri kesho. Na mtu asikushauri kumpa amoksisilini ya kumeza iliyobaki kabatini, inaua bakteria wazuri wa tumboni na anaweza kufa.

Mwisho choa, kinaambukiza watoto. Ukiona mviringo umenyonyoka manyoya puani au karibu na macho, watoto wasiwashike mpaka daktari aone. Wanawe mikono kila baada ya kuwashika hata kama wazima.

Kijana_wa_Kariakoo
Mi sijawahi fuga ila nimesoma uzi wote, swali tu, huyo dume akikaa na majike wawili si atawasumbua? Au afadhali awe na dume mwenzie?

BintiKisauni
@Kijana_wa_Kariakoo dume mmoja alohasiwa na majike ni mpango mzuri sana, mara nyingi huwa kama mzee wa mtaa, majike wakianza kugombana yeye yuwaingia kati. Kinachovuruga ni madume wawili wakiwa na majike, hapo watapigana. Mama wa Makete, ulivosema anawapisha kwenye chakula mie ningemchukua kwa hilo tu.

Banda usinunue vile vya dukani vidogo. Kwa wawili huku wanasema angalau sentimita 120 kwa 60, watatu uongeze, mie nimetengeneza kwa paneli za waya na chini nimetandika vitambaa vya flisi nafua kila wiki. Vijumba vya kujificha viwe vitatu au zaidi, kila kimoja milango miwili, asije mmoja akabanwa ndani na mwenzie. Maranda ya mwerezi na msonobari usitandike, harufu yake yawaumiza kifua. Na wakae ndani ya nyumba, si bustanini, baridi ya Leeds waijua mwenyewe.

MamaWaMakete
Wakuu nimerudi na mrejesho. Asanteni sana, mume wangu nilimpa simu asome mwenyewe, alipofika kwa daktari wa Moro akanyamaza akasema basi ulizeni kuhusu ngozi. Tukauliza. Kumbe dume alishatibiwa utitiri na dawa ya mwisho alikuwa hajamaliza, kahasiwa miezi mingi iliyopita, majike wamepigwa picha ya tumbo hawana mimba. Watu wa kituo wakaja kukagua nyumba, wakakubali. Tumewachukua wote watatu.

Wa kahawia kashateka nyumba, friji ikifunguka tu mluzi unaanza na wenzie wameiga, hata mweupe anajibu kwa sauti ndogo akiwa ndani ya kijumba chake. Huyu mweupe bado hali tukiwa tumesimama, ila binti yangu akilala sakafuni anasoma kitabu, anatoka, anakula nyasi karibu na kichwa chake. Binti kaniambia mama huyu anapenda watu wasiomtaka kitu.

Dume ndo amenishangaza. Hajamng'ata yeyote. Anagonganisha meno tukigusa mgongo, tunaacha. Mwanangu wa miaka 6 nimemfundisha, haruhusiwi kumnyanyua, anakaa chini na kipande cha hoho, na ni yeye huyohuyo mwenye kelele ndani ya nyumba anayemtuliza huyu dume kuliko sisi wote.

Swali limebaki moja. Dume anamzunguka wa kahawia anatembea kwa maringo anatikisa nyuma na kunguruma kwa sauti nzito, wa kahawia anamkojolea anaondoka. Ni ugomvi huo? Niwatenge?

MfugajiUyole
Usitenge dada. Huyo anatongoza, na jike kamjibu hataki. Kuhasiwa hakuondoi hiyo. Wanapangana pia nani mkubwa, itachukua wiki kadhaa. Tenga tu ukiona wamejikunja wakabingirika pamoja wakang'atana au damu imetoka, na ukiwatenga tumia taulo au kipande cha ubao, sio mkono mtupu.

DaktariMifugo_Moro
Sahihi. Na mkimaliza dawa ya utitiri rudini akaguliwe tena, mayai yakianguliwa unaanza upya. Majike nao watibiwe kwa kuwa sasa wanalala naye.

BintiKisauni
Mashallah. Weka picha ya mweupe, lakini mpige kwa mbali bila mwanga wa kamera. Na mkienda nyumbani likizo waulize kituo, vingine vinapokea kwa malipo kidogo wale waliotoka kwao, wasiachiwe jirani asiyewajua, huyo mweupe asije akagoma kula.

MamaWaMakete
Nitauliza, Desemba tunataka kwenda Makete. Naandika yote haya kwenye karatasi nabandika jikoni.