Mjadala: Kwa mtu wa kipato cha kawaida, bora kuishi Kenya au Tanzania?

Wakuu habari za majukumu. Huu ubishi wa Kenya na Tanzania wapi ni pazuri kuishi unazunguka palepale miaka nenda rudi, Mkenya anakuja na uchumi mkubwa na zile barabara za juu za Nairobi, Mbongo anamjibu kwa amani, mchele na SGR ya umeme, halafu wanatukanana mpaka usiku wa manane na hakuna aliyeondoka na kitu. Mimi ni Mtanzania, nimefanya kazi Nairobi, nikarudi Arusha na bado navuka mpaka wa Namanga mara kwa mara kwa shughuli zangu, kwa hiyo naomba tuongee kwa hesabu za mtu anayeamka asubuhi kwenda kazini, bendera tuziweke pembeni kidogo. Msimamo wangu nautoa mapema ili mnipinge mkijua nimesimama wapi: kwa mwenye familia na kipato cha kawaida, Tanzania bado ni pa kuishi kuliko Kenya, ila kuna jambo moja Wakenya wametuacha mbali sana, na jambo hilo kwa sasa limekuwa zito kiasi kwamba siwezi kumshangaa anayechagua upande wa pili.

Ninaposema kipato cha kawaida namaanisha mwalimu, nesi, mhasibu wa duka la jumla, dereva, fundi mwenye kazi za kueleweka. Mwenye hela nyingi anaishi vizuri popote na huyo hatuna haja ya kumjadili.

Tuanze na mshahara maana hapa watu wanadanganyana sana. Kila siku nasikia eti Kenya makato yanaua. Chukua mtu wa Nairobi anayelipwa 50,000 za kwao na wa Dar anayelipwa milioni moja, kwa thamani ya hela ya sasa hao ni watu wa karibu kabisa. Wa Nairobi anakatwa NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni) 3,000, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75 ambayo ni 1,375, ile tozo ya nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 750, halafu PAYE, yaani kodi ya mshahara, kama 5,850 hivi, anabaki na 39,000. Wa Dar anakatwa NSSF asilimia 10, laki moja hiyo, na PAYE 103,000, anabaki na kama 797,000. Pigeni wenyewe, mmoja anabaki na 78 kwa mia na mwingine karibu 80. Tofauti ipo kwenye makato yenyewe yanaenda wapi, wa Dar karibu nusu ya alichokatwa ni akiba yake ya uzeeni, wa Nairobi sehemu kubwa ni kodi na tozo, lakini pia ndani ya hayo makato ana bima ya afya tayari wakati mwenzake wa Dar kwenye sekta binafsi kama mwajiri hajamwekea bima mtoto akiugua anaingia mfukoni. Kwa hiyo anayesema anakimbia Kenya kwa sababu ya payslip hajapiga hesabu. Kinachotofautisha ni hiyo 39,000 na hiyo 797,000 zinafanya nini zikishatoka benki.

Kodi ya nyumba sasa. Hapa nasema wazi Kenya wametushinda kwenye utaratibu. Nairobi unapanga kwa mwezi, unaweka dipoziti ya mwezi mmoja, unalipa mwezi wa kwanza, jioni umeingia na godoro lako. Ukweli ni kwamba tarehe 5 ikipita keateka (msimamizi wa jengo) anagonga mlango na ukizidi kuchelewa unarudi kutoka kazini unakuta kufuli lake limewekwa juu ya lako, nimeona jirani analala kwenye ngazi na begi lake. Lakini angalau kijana anaweza kuanza maisha. Dar unaambiwa kodi ya miezi sita, wengine wanataka mwaka mzima, juu yake hela ya dalali ya mwezi mmoja, na huyo dalali kabla ya hapo umeshampa hela ya kukuzungusha kuona vyumba ambavyo vingine vilishapangishwa wiki iliyopita. Chumba na sebule cha laki mbili kwa mwezi maana yake unahitaji milioni moja na laki nne kabla hujanunua hata jiko. Kijana ndo kwanza amepata ajira hiyo hela anaitoa wapi? Anakopa, au anakaa kwa mjomba Mbagala miaka miwili. Hili ni jambo ambalo serikali ingeweza kulisimamia na haijalisimamia, na linawaumiza vijana kuliko PAYE.

Ila ukishaingia ndani mambo yanageuka. Hiyo hela ya kawaida Nairobi inakupeleka Pipeline, Kayole, Githurai, ghorofa saba nane zimebanana ukuta kwa ukuta mpaka saa sita mchana unawasha taa ili usome gazeti, maji yanatoka kwa siku zake, siku hiyo korido nzima ni madumu ya lita 20 yamepangwa foleni na kama ulikuwa kazini umekosa unanunua. Watoto wanachezea kwenye ngazi. Dar pia maji yanakata, sikatai, na Tabata sio peponi, ila kwa kiwango kilekile cha hela unapata nyumba yenye uwanja, mwembe, kuku wawili watatu wa mwenye nyumba, mtoto anatoka nje anacheza. Usafiri nao hivyohivyo, Nairobi mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni nauli ya matatu inapanda palepale unaona kondakta anaitangaza, unalipa au unatembea, wakati huku nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, na konda akikuzidishia abiria wote wanamgeuka. Tunabanwa kwenye daladala kama kawaida lakini bajeti ya mwezi unaijua.

Chakula sitachukua muda maana kila mtu anajua. Simama Namanga asubuhi moja tu uangalie malori yanaelekea upande gani na yamebeba nini, mahindi, mchele, vitunguu, machungwa. Kinachotoka kwetu kikifika Nairobi kimeshalipiwa dizeli, ushuru, madalali wawili watatu, anayemalizia hayo yote ni mama mwenye kibanda na wateja wake. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilivuka shilingi 200 za Kenya mpaka ikawa ajenda ya uchaguzi. Familia ya watu sita kwa hela ya kawaida inakula vizuri zaidi huku, hata Wakenya niliofanya nao kazi wakija Arusha sokoni wanarudi na magunia kwenye buti.

Sasa ardhi, na hapa ndo uzito wa hoja yangu ulipo. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa rais, sheria zake mbili kubwa ni za 1999, ile ya ardhi na ile ya vijiji, na pamoja na ubaya wake wote zimesaidia kufanya mtu wa chini aweze kupata kiwanja. Mwalimu ananunua Chanika au Kigamboni kwa awamu, anafyatua tofali mwaka huu, msingi mwaka kesho, anapaua chumba na sebule anahamia hakuna plasta wala dari, anamalizia akiwa ndani. Nyumba nyingi sana za Dar zimejengwa hivyo. Muulize mwalimu wa Nairobi ana ploti ya futi hamsini kwa mia kwa kiasi gani Kiambu au Kitengela, atakwambia alichukua mkopo wa sako (chama cha kuweka na kukopa) wa miaka mingi ili anunue ploti tu, kujenga ni hadithi nyingine. Wengi wanastaafu wakiwa wapangaji au wanarudi ushago, yaani kijijini, kwa baba, na kama baba alikuwa na watoto saba hicho kipande cha ushago kimeshakuwa bustani.

Najua Wakenya watasema kwetu hati ni hati, ukinunua umenunua. Oktoba 2023 pale Athi River watu waliojenga nyumba zao, zingine maghorofa kabisa, walivunjiwa kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji, na wengi walikuwa na makaratasi mkononi walilia nayo mbele ya kamera. Na sisi tusicheke maana 2017 kuanzia Kimara kwenda mbele nyumba zilipigwa nyundo kupanua barabara ya Morogoro na watu waliokaa pale miongo waliambiwa wako kwenye hifadhi ya barabara. Kwa hiyo usalama wa ardhi pande zote mbili una mashimo. Tofauti ni bei ya kuingia.

Kwa Mkenya anayesoma hapa na anataka kuhamia huku, hesabu yako sio kama ya kwangu. Asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa njia ya uwekezaji, na Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo uwakala wa kutuma na kupokea pesa, ufundi simu, saluni, kuongoza watalii. Mimi naona ile amri imeelekezwa kwa mtu mdogo wa Afrika Mashariki kuliko mfanyabiashara mkubwa wa mbali, na naiona ina kasoro kwenye jumuiya inayosema ina soko la pamoja tangu 2010. Mbongo akienda Nairobi kufungua saluni hakutani na orodha kama hiyo.

Kazi nazo lazima tuwe wakweli, Nairobi kuna nafasi nyingi zaidi kwa mtu wa ofisini, mashirika ya kimataifa yako pale, makampuni ya teknolojia yako pale, na kijana wa Kenya anaingia kwenye usaili anaongea kizungu bila kutetemeka wakati wa kwetu amesoma msingi kwa Kiswahili halafu sekondari ghafla anabadilishiwa lugha na hakuna aliyemuandaa. Kama una miaka 25, huna mtoto, una fani inayouzika, nenda Nairobi. Nitamwambia hivyo hata mdogo wangu.

Sasa lile jambo nililosema wametuacha. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema tozo ya nyumba haiendani na katiba, serikali ikalazimika kurudi bungeni kutunga sheria upya 2024. Mwaka huohuo vijana wakaupinga muswada wa fedha, Juni 25 wakaingia mpaka bungeni, kesho yake rais akatangaza hasaini. Gharama yake ilikuwa kubwa, vijana waliuawa, wengine walitekwa na familia zinadai haki mpaka leo, kwa hiyo asije mtu akasema Kenya ni demokrasia ya mfano. Lakini mwananchi ana mahali pa kusukuma na pakisukumwa panasogea.

Sisi katiba ibara ya 41(7) inasema tume ikishamtangaza rais hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Katiba pendekezwa ilipitishwa 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa na mpaka leo haijapigwa. Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, kila mtu anajua kilichotokea, maandamano, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje Dar, watu wakafa na idadi yao inabishaniwa. Wale wanaoendelea kujibu kila hoja ya Mkenya kwa neno amani, na kumkumbusha vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 na zaidi ya watu 1,100 waliokufa, naomba wafikirie familia zilizozika Novemba halafu waone kama hilo jibu linatosha.

Na hili linaingia mpaka jikoni. Tozo ya miamala ya simu ya 2021 ilishushwa kwa sababu watu walipiga kelele na kelele zilisikika. Kodi ya miezi sita, kiwanja kinachouzwa mara mbili, nyumba inayowekwa alama ya X nyekundu ili ibomolewe, vyote hivyo vinahitaji mtu aweze kulalamika, aandike, ashitaki, alale kwake usiku bila kuwaza gari la watekaji lisilo na namba. Mchele wa bei nafuu haufuti hofu hiyo.

Pamoja na hayo bado nasema Tanzania, na sababu yangu ni hii: katiba inaweza kuandikwa upya ndani ya miaka mitatu watu wakiamua, ila ploti ya Kiambu haitarudi kuwa bei ya mwalimu. Mwenye watoto anayetaka kuwajengea akiwa na kipato cha kawaida, huku ana nafasi. Huko hana, labda awe na urithi.

Naomba wanaopinga waje na vitu vya kushika. Wabongo mlioko Nairobi, Mombasa, Eldoret, mnabaki na kiasi gani mwisho wa mwezi na mmeweza kununua kitu huko au mnajenga nyumbani? Wakenya mlioko Arusha, Moshi na Dar, ile amri ya Julai imewagusa vipi na kibali cha kazi mmelipia kiasi gani? Na mwenye kujua mwenye nyumba Dar anayekubali kodi ya mwezi mmoja mmoja, sema ni maeneo gani, kuna vijana wanahitaji hiyo taarifa leo.